Mashindano Ambayo Jirani Hakujiandikisha

Kuna watu ambao hawawezi kununua kitu mpaka wajue jirani amenunua nini, na wakishakinunua hawatulii mpaka jirani ajue. Katika mtaa ninaoishi, Walukuba, mjini Jinja, watu wa namna hii hawajawahi kukosekana, lakini naona wazi kwamba miaka hii wameongezeka, na kwamba madhara yao tunayachukulia kwa wepesi mno. Tunasema, "Huyo anapenda kujionyesha tu," kisha tunaendelea na shughuli zetu, kana kwamba maringo ni kasoro ndogo ya tabia kama kuchelewa kuamka. Naandika makala hii kwa sababu siamini kwamba ni kasoro ndogo. Mtu anayejionyesha humwingiza mwenzake katika mashindano ambayo mwenzake huyo hakujiandikisha, na gharama yake mara nyingi huja kulipwa na mtu wa tatu ambaye hata kwenye picha hayumo.

Mtaa wetu una historia ambayo ingetosha kutufundisha vinginevyo. Ulikua katika miaka ya 1950, wakati Jinja ilipokuwa mji wa viwanda na bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, lilikuwa likivuta wafanyakazi kutoka kila upande wa nchi na hata nje yake. Waluo, Waacholi, Wasamia, Wateso, Walugbara na Wasoga walijikuta wakiishi ukuta kwa ukuta, na ndiyo maana hadi leo Kiswahili kinasikika hapa kuliko katika mitaa mingi ya Uganda. Nyumba zilikuwa za safu, zinazofanana, na kwa mujibu wa wazee walionilea, ilikuwa vigumu mtu kumringia jirani ambaye sebule yake ilikuwa sawa na yako kwa upana na kwa joto. Sisemi kwamba wivu haukuwapo. Nasema kwamba ulikuwa na mahali pachache pa kushika.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa karibu na ahudhurie kikao cha maandalizi ya harusi. Wasomaji wa Uganda wanakijua vizuri: wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, ndugu, marafiki, wafanyakazi wenza na waumini wenza wa bwana harusi hukutana jioni, mara nyingi kwenye ua wa hoteli ndogo au ukumbi wa shule, wakiwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Bajeti iliyochapwa husambazwa. Ndani yake kuna ukumbi, keki, mapambo, vyombo vya muziki, mpiga picha, magari, chakula na vinywaji. Asili ya kikao hiki ni njema kabisa, kwa kuwa hakuna kijana wa kawaida anayeweza kubeba mzigo huo peke yake, na mimi mwenyewe nimeona harusi nzuri zilizosimama kwa michango ya watu wasio na kitu. Lakini utaratibu una sehemu moja inayoharibu kila kitu, nayo ni ile ya kutamka ahadi kwa sauti. Mwenyekiti anamwita mtu kwa jina, mtu anasimama, anataja kiasi, katibu anakirudia kwa kipaza sauti, watu wanapiga makofi. Akitaja shilingi laki mbili, aliyekaa naye meza moja atataja laki tatu. Akisimama wa tatu na kusema kwamba keki yote ni yake, basi ukumbi mzima hulipuka kwa vifijo, na mwenyekiti mjanja huitumia nafasi hiyo kumgeukia yule wa kwanza na kumwuliza kama kweli ameridhika na ahadi yake.

Katika kikao kimoja cha aina hiyo nilikaa nyuma ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi na mkewe. Mwalimu yule alikuwa ameingia na ahadi yake imeandikwa kwenye kadi, nami niliiona kwa sababu aliishika mkononi muda wote: laki moja na nusu. Mwalimu mwenzake, wanayefundisha naye shule moja, alisimama kabla yake na kutaja laki tano huku akifungua kifungo cha koti, akawaambia watu kwamba kwa rafiki kama bwana harusi, laki tano ni salamu tu. Ilipofika zamu ya yule wa mbele yangu, alisimama, akaikunja kadi, akataja laki sita. Mkewe hakupiga makofi. Alikuwa amefungua mkoba wake, na kwenye pochi ya ndani nikaona karatasi ya ada ya shule ya watoto, ile yenye nembo juu na jumla chini, ameikunja mara nne. Muhula ulikuwa unafunguliwa Jumatatu. Yule aliyetaja laki tano alikuwa hajui chochote kuhusu karatasi ile, na pengine angeijua angenyamaza, lakini laki sita zile zilikuwa zimetoka mdomoni kwa sababu yake.

Ningependa msomaji aangalie ni nani alishindana na nani. Mwalimu yule hakujipima na wenye kiwanda cha sukari cha Kakira, ambacho kipo umbali mfupi tu kutoka mjini kwetu na utajiri wake unaonekana barabarani kila siku katika matrela ya miwa. Alijipima na mwalimu. Mwanasaikolojia wa Marekani Leon Festinger alilieleza jambo hili mwaka 1954 alipoandika kwamba binadamu, anapokosa kipimo cha wazi cha kujipimia, hujilinganisha na wenzake, tena zaidi na wale anaowaona wanafanana naye. Tajiri wa mbali humstaajabisha mtu tu. Anayemnyima usingizi ni aliyesoma naye darasa moja, aliyeolewa mwaka mmoja naye, aliyeanza kuuza mitumba pamoja naye katika soko moja.

Na madhara ya kujilinganisha huku si ya moyoni peke yake. Nchini Uholanzi kuna bahati nasibu inayochezeshwa kwa msimbo wa posta, ambapo mtaa mmoja huchaguliwa na wakazi wake walionunua tiketi hupata fedha, na baadhi yao hupata gari jipya. Wachumi waliochapisha utafiti wao mwaka 2011 waliwachunguza majirani ambao hawakununua tiketi na kwa hiyo hawakupata chochote, wakakuta kwamba wale wanaoishi karibu kabisa na washindi walielekea kununua magari kuliko watu wengine. Nchini Kanada wachumi wengine walifuata swali lililo zito zaidi, wakaonyesha kwamba kadiri mshindi wa bahati nasibu alivyopata fedha nyingi, ndivyo majirani zake wa karibu walivyoelekea kufilisika katika miaka iliyofuata. Majirani hao hawakupoteza senti hata moja siku ile ya ushindi. Walipoteza baadaye, wakijaribu kufanana na mtu ambaye hali yake ilikuwa imebadilika na yao haikubadilika. Na tukumbuke kwamba washindi wale hawakuwa wamemringia mtu. Bahati iliwaangukia tu. Sasa mtu ajiulize nini hutokea pale ambapo jirani anafanya juhudi ya makusudi, kila siku, kwa maneno na kwa picha, kuhakikisha kwamba tumeona.

Hapa kwetu kufilisika hakuendi mahakamani kwa jina hilo. Kunakuja kwa njia ya kibanja, yaani kipande cha ardhi, kilichouzwa kimyakimya, kadi ya gari iliyowekwa kwa mkopeshaji, mshahara unaokatwa hata kabla mwenyewe hajauona. Sheria imejaribu kuweka ukingo: Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inataka nyumba ya ndoa isiwekwe rehani bila mwenzi wa ndoa kuridhia, na sheria iliyopitishwa mwaka 2016 iliwaweka wakopeshaji wa fedha na taasisi ndogo za mikopo chini ya mamlaka ya usimamizi. Ni hatua nzuri, na wanawake wengi wamesalimika kwa sababu yake. Lakini hakuna sheria inayomtaka mume amwonyeshe mkewe mkopo wa mshahara alioutia sahihi ofisini, wala mkopo wa simu alioubofya akiwa bado amekaa kwenye kiti cha kikao.

Nisije nikaonekana nawasema wanaume peke yao, niitaje nigina. Wanawake wa Uganda wanajua kwamba nigina ni mzunguko wa kuinuana: kundi hukusanyika nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu, na kila mwanachama huja na mchango wa fedha au zawadi ya nyumbani, masufuria, sahani, beseni, blanketi. Mama yangu alipata vyombo vyake vingi kwa njia hiyo, na nimekula katika sahani hizo hadi nilipoolewa. Nigina ilikuwa mkono wa mwanamke ambaye mumewe hana kazi au hana huruma. Leo kuna nigina ambazo kabla ya zamu yako ni lazima ukodi hema, ushone sare ya kundi, umlete mpiga picha na mpiga muziki, na zawadi zinapangwa uani ili zihesabiwe, huku jina la mtoaji likitangazwa pamoja na alicholeta. Aliyeleta jagi la plastiki anasikia jina lake mara baada ya aliyeleta friji. Nimemwona dada mmoja, muuza samaki, akijitoa katika kundi ambalo lilikuwa tegemeo lake, kwa sababu gharama ya kupokea zamu ilikuwa imezidi kile ambacho angepokea. Chombo kilichoundwa ili maskini asiaibike kimekuwa mahali anapoaibishwa, na jambo hili linaniuma kuliko harusi zote.

Kuna eneo jingine linaloniuma, nalo ni siku ya wazazi kutembelea watoto katika shule za bweni. Watoto husubiri siku hiyo kwa hamu isiyosemeka. Mzazi anayefika kwa bodaboda akiwa na chupa ya soda na mkate wa siagi ni mzazi aliyefika, na zamani hilo lilitosha. Sasa uwanja wa shule hugeuka maonyesho: magari hufunguliwa milango ya nyuma, mikeka mipya hutandikwa, kuku wa kukaanga na chipsi hutolewa katika masanduku, shangazi na wajomba huja wamevaa kana kwamba ni kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba ukweni, simu zinapiga picha bila kupumzika. Mtoto wa miaka kumi anajifunza siku hiyo kwamba mama yake ni mdogo kuliko mama wa fulani. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa jirani yangu, alimwomba mama yake asije tena mpaka watakapopata gari la kuazima. Mama yule anauza matoke pembeni mwa barabara tangu alfajiri ili mtoto abaki katika shule hiyo, nami sijui ni jibu gani angeweza kumpa mtoto wake.

Najua hoja ya upande wa pili, na naiheshimu kwa sehemu. Watu husema kwamba kujionyesha ni haki ya aliyeteseka; kwamba mtu aliyedharauliwa ukweni, aliyekaa na viatu vilivyotoboka mbele ya wenye viatu, hana budi siku moja kuonekana. Kiu hiyo ya kuonekana ni ya kweli, na mara nyingi nyuma ya maringo makubwa kuna aibu ya zamani ambayo haijapona. Inaonekana zaidi kwa vijana wetu wanaokwenda kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, katika nchi za Ghuba. Msichana anakaa Saudi Arabia akiosha nyumba ya watu na kulea watoto wa watu, na siku anayorudi, ukoo mzima unamsubiri uwanja wa ndege wa Entebbe kwa basi la kukodi, nao wamekwisha kugawana kwa maneno kile ambacho bado kiko ndani ya sanduku lake. Asiporudi na manukato, simu na vitambaa vya kumtosha kila shangazi, atasemwa kwamba alikwenda kulala. Basi anagawa. Anachinja mbuzi, anapiga picha, anawavisha wadogo zake. Miezi michache baadaye anatafuta wakala amrudishe kule kule, kwa sababu mtaji wa saluni aliyoiota uliishia kwenye sherehe ya kumkaribisha. Katika hali kama hii siwezi kumlaumu msichana. Hata yeye hakujiandikisha. Wapiga makofi walimwandikisha.

Ndiyo maana sipendi kusikia ikisemwa kwamba mashindano yenyewe ndiyo mabaya. Wapo wanaoshindana nasi tukawapenda. Tarehe 26 Machi 2017, katika uwanja wa Kololo mjini Kampala, Joshua Cheptegei wa Kapchorwa aliongoza mbio za nyika za dunia mbele ya watu wa nyumbani hadi mzunguko wa mwisho, kisha miguu ikakataa, akapitwa na mmoja, na mwingine, na wengine wengi, akamaliza wa 30. Lilikuwa jambo chungu kulitazama. Lakini hakuna hata mmoja kati ya waliompita aliyemkosea, kwa kuwa kila aliyesimama kwenye mstari ule alijiandikisha, aliujua umbali na aliujua mwisho wake. Cheptegei aliendelea na mazoezi, mwaka 2020 akavunja rekodi za dunia za mita 5,000 na mita 10,000, na mwaka 2024 jijini Paris akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000. Vivyo hivyo hata katika burudani za Waswahili wa zamani: ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa Afrika Mashariki, iliishi kwa upinzani, na vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, kwa vyeo, kwa nyimbo na kwa karamu. Gharama zilikuwapo, na ugomvi pia. Hata hivyo mwanachama wa Marini alijua kwamba yu Marini, na ngoma ilikuwa na siku yake. Ikiisha, mtu alivua sare akarudi kazini. Maringo ya leo hayana mstari wa kumalizia wala siku ya kuvua sare. Simu iko mfukoni, na hali mpya aliyoiweka jirani mtandaoni inafunguka hata kabla ya sala ya alfajiri.

Dini zetu zimelisema jambo hili waziwazi kuliko tunavyopenda kukumbuka. Sisi Waislamu tunafundishwa kwamba ria, yaani kutenda jema ili uonwe, ni shirki ndogo, na Sura ya 102 ya Qurani, At-Takathur, inawakabili watu walioshughulishwa na kushindana kwa wingi mpaka wakayafikia makaburi. Jirani zangu Wakristo husoma katika Mathayo, sura ya 6, kwamba anayetoa sadaka asipige tarumbeta mbele yake. Nami siwezi kuisoma At-Takathur bila kukumbuka maziko ya Kayunga ya mwaka 2017, ya kijana tajiri ambaye jina lake silitaji kwa kuwaheshimu watoto wake, ambapo marafiki walimimina mvinyo na kurusha noti ndani ya kaburi huku kamera zikitazama. Walikuwa na majonzi, siwakatalii. Ila hata majonzi yao hawakupata namna nyingine ya kuyaonyesha, na siku zilizofuata taifa zima liliongea habari za fedha, marehemu akiwa amesahaulika.

Yapo mambo ambayo yanawezekana, na nimeyaona yakifanyika hapa hapa Walukuba. Nigina ninayoshiriki sasa ilianzishwa na wanawake waliochoshwa na hema na kipaza sauti. Kila mmoja huweka kiasi kile kile katika bahasha isiyo na jina, mwenye zamu huchemsha chai na mandazi, na hakuna anayepiga picha. Hajati mmoja aliyezoea makundi ya fahari alilalamika mwanzoni kwamba mkutano umekuwa kama msiba. Mwenyekiti wetu alimjibu kwa upole, "Hajati, ukipokea zamu yako utalipa kodi ya duka, halafu utatuambia kama ulifiwa." Hajati bado yumo, na yule dada muuza samaki niliyemtaja amejiunga nasi.

Mwezi ujao tuna kikao cha harusi ya mtoto wa kaka yangu, na nimekwisha kumwomba kaka anipe nafasi ya kuzungumza kabla bajeti haijagawiwa. Nitaomba ahadi ziandikwe kwenye karatasi na kupewa mweka hazina, katibu asome jumla tu. Nitaomba magari yawe yale ambayo ndugu tayari wanayo, na asiyekuwa nalo apande basi pamoja na sisi wengine. Na nitaomba kikao kipangwe baada ya shule kufunguliwa, ada zikiwa zimelipwa, hata kama mwenye ukumbi atatudai zaidi kwa kubadili tarehe. Shemeji yangu amenionya kwamba watu watasema ukoo wetu umeishiwa. Nimemwambia kwamba nitakaa mlango wa mbele, na atakayetaka kulisema hilo aanze na mimi.